WireGuard kwenye Ubuntu na Wi-Fi za nyumba za wageni Mwanza: TunnelVision inatugusa?

nyegezi_mtandao
Wakuu, wanaotuma hesabu za samaki kutoka mialo ya Kirumba na Igombe hutumia Wi-Fi za nyumba za wageni. Kompyuta ni Ubuntu, VPN ni WireGuard inayowashwa kwa wg-quick, na `AllowedIPs = 0.0.0.0/0, ::/0` (trafiki yote ipite kwenye VPN). Je, TunnelVision (CVE-2024-3661, Mei 2024), shambulio la kuvujisha trafiki nje ya VPN, inapenya hapo? `apt upgrade` inatosha?

mwalo_shell
Inapenya, mkuu, na upgrade haisaidii, maana ndani ya WireGuard hakuna kilichovunjika. Anayeshika DHCP ya Wi-Fi ile (huduma inayogawia kompyuta anwani na njia za mtandao) anaweza kugawa njia kwa chaguo namba 121. Andika `ip rule`, utaona `lookup main suppress_prefixlength 0`: keneli inasoma kwanza jedwali la main na kupuuza njia ya /0 (default) peke yake. Akigawa 0.0.0.0/1 na 128.0.0.0/1 (nusu mbili za anwani zote), IPv4 yote inatoka nje ya handaki la VPN, huku `wg show` ikionyesha kila kitu kizima. Hapo ndipo penye hatari, mtumiaji haoni dalili yoyote. Kilicho ndani ya HTTPS bado kimefungwa, ila mwenye Wi-Fi anajua unaongea na seva gani.

Kagua kwa `ip route`. Mstari wa `proto dhcp` usio wa default ni wa kutilia shaka. Kisha weka chini ya [Interface] kwenye faili la WireGuard sheria hii, inayokataa chochote kisichopita handakini:

`PostUp = iptables -I OUTPUT ! -o %i -m mark ! --mark $(wg show %i fwmark) -m addrtype ! --dst-type LOCAL -j REJECT`

Rudia kwa ip6tables.

capripoint_root
Naongeza. Sheria hiyo inazuia uvujaji, haifuti njia za mshambuliaji: akizielekeza kwenye anwani moja moja, anaona zipi zimekatika na kubahatisha unakokwenda. Kinga kamili ni kuweka wg0 (kiolesura cha WireGuard) na programu ndani ya network namespace yake, yaani mtandao uliotengwa ndani ya Linux. Soketi ya UDP ya WireGuard inabaki ilikozaliwa, kwenye mtandao wa kawaida, kwa hiyo handaki linaendelea kufanya kazi. Kwa mtu wa mwaloni hiyo ni kazi nzito. Atumie hotspot ya simu yake mwenyewe, DHCP inatoka kwenye simu.

nyegezi_mtandao
Printa ya ofisini imegoma baada ya PostUp.

mwalo_shell
Ndivyo inavyotakiwa, LAN (mtandao wa ndani) nayo imefungwa. Ukurasa wa kuingia wa Wi-Fi nao hautafunguka, kwa hiyo waingie kwanza, ndipo `wg-quick up`. Na usisahau PreDown yenye mstari uleule, `-D` badala ya `-I`. Bila hiyo, ukishusha handaki intaneti yote inakatika.