Seahawks: Lockett kaondoka, Metcalf kaondoka, sasa nani anadaka mpira?

BluuKijani12 · 14 Aprili 2025

Wakuu habari za saa hizi. Hili jambo linanikaa kichwani tangu Machi nikaona bora nilete hapa tuliongee, maana drafti ya NFL, pale timu zinapochagua kwa zamu wachezaji wapya toka vyuoni, inaanza tarehe 24 na mi bado sielewi Seattle Seahawks wanawaza nini upande wa marisiva, yaani wadaka pasi.

Tyler Lockett wamemwachia. Miaka kumi pale. Kachukuliwa raundi ya tatu 2015, kuanzia 2019 mpaka 2022 kila msimu anavuka yadi 1,000. Najua ana 32 sasa, najua msimu uliopita alidaka mipira 49 tu kwa yadi 600, na najua kumkata kumeokoa kama dola milioni 17 kwenye kikomo cha mishahara. Hesabu naielewa kabisa. Ila mi niliiangalia ile mechi ya Rams Oktoba 2019, Wilson, kwotabeki wetu (mrusha pasi), anakimbizwa kushoto, anaurusha mpira kule pembeni kabisa mwa endizoni (eneo la kufungia), unasema huu umeshatoka, halafu Lockett kajinyoosha mwili mzima, mikono iko nje ya mstari, vidole vya miguu ndo vimebaki ndani vinaburuza chini. Tachdauni. Tukashinda 30-29. Mtu wa hivyo ukimwona anaondoka roho inauma, siwezi kudanganya.

Wiki haijaisha Metcalf naye huyo Pittsburgh, sisi tukapewa piki (zamu ya kuchagua kwenye drafti) ya raundi ya pili, namba 52. Na aliyekuja ni Cooper Kupp, miaka mitatu kwa dola milioni 45, ambaye mwezi wa sita anatimiza 32! Tumetoa mtu wa 32 tumeingiza mtu wa 32. Na Kupp misimu mitatu iliyopita kacheza mechi 9, halafu 12, halafu 12. Wakaongeza na Valdes-Scantling kwa mwaka mmoja, naye ana 30.

Mkononi tuna piki za 18, 50, 52, 82 na 92. Swali langu ni moja, hiyo 18 iende kwa risiva au mnaonaje? Mi nasema iende. Ukiwa na wazee wawili na kijana mmoja tu hapo hujajenga kitu.

---

MzeeWaYadi · 14 Aprili 2025

Mdogo wangu, uchungu wa Lockett tuko pamoja, ila kuna kitu umekiruka. Mrithi wa Lockett hatafutwi mwezi huu, alishachukuliwa 2023.

Kumbuka ile drafti. Tulikuwa na piki ya 20, Lockett ana 30, Metcalf katoka kusaini miaka mitatu ya dola milioni 72 mwaka mmoja tu nyuma, watu wote wanapiga kelele kwamba marisiva tunao, tuleteeni mtu wa difensi. Schneider, meneja mkuu, akamchukua risiva Jaxon Smith-Njigba. Ndo alikuwa risiva wa kwanza kutoka mwaka ule, na baada yake zikafuata timu tatu mfululizo, 21, 22, 23, zote zinachukua risiva.

Sasa angalia alivyopanda. Mwaka wa kwanza mipira 63 yadi 628, watu wakaanza kumsema. Mwaka wa pili mipira 100, yadi 1,130, na katika mwaka huohuo Lockett ndo anashuka kwenye 600. Makabidhiano yalifanyika uwanjani tunaangalia kwa macho yetu, karatasi ya Machi imekuja kuthibitisha tu.

Ndo maana nasema risiva wa drafti hachukuliwi siku mzee anapoondoka, anachukuliwa wakati mzee bado anadaka. Ruki wengi, hawa wa mwaka wa kwanza, wanahitaji msimu mzima kujua kusoma difensi, kujua kwamba ile ruti (njia ya kukimbia) uliyochorewa ubaoni inabadilika sefti (beki wa nyuma kabisa) akisogea hatua mbili, na kwotabeki anategemea wewe uone alichokiona yeye, sekunde hiyohiyo. Ukimchukua mtu piki ya 18 ukamwambia Septemba wewe ndo Lockett, unamwonea tu.

Na umri, hapo pia tutenganishe, Metcalf sio mzee. Ana 27. Yeye aliomba kuondoka, na Steelers wamempa miaka minne ya dola milioni 132. Hiyo ni habari ya pesa na ya mtu kutaka nafasi yake, usiichanganye na ya Lockett.

---

dada_wa_mstari · 14 Aprili 2025

Mzee kasema vizuri. Mi naongeza la kwangu ambalo nimelisema humu mpaka nimechoka, ni LAINI YA MBELE jamani, wale wanaomkinga kwotabeki!!

Kwotabeki wetu Geno msimu uliopita kaangushwa mara 50. Hamsini. Halafu mnakaa mnabishana nani adake, mpira utarushwa saa ngapi? Risiva anahitaji kama sekunde tatu hivi ruti yake ifunguke, sisi gadi wetu wa kushoto, mtu wa laini, anarudishwa nyuma kabla ya sekunde mbili. Lockett alishuka ndiyo, ila kuna mipira mingi mi naona kwenye marudio yuko wazi kabisa kule mbali na kwotabeki yuko chini kakaliwa na watu wawili.

Sasa kaja kwotabeki mpya Darnold, dola milioni 100.5 kwa miaka mitatu, na kocha mpya wa mashambulizi Klint Kubiak, ambaye anapenda kukimbiza mpira halafu anajifanya anakimbiza kumbe anarusha. Kwenye mfumo huo risiva lazima azuie watu, yaani aingie katikati agongane na malainbeka (mabeki wa katikati). Na hapo ndo Kupp namwelewa kabisa, maana kule Rams miaka yote alikuwa akifanya kazi hiyo kama mtu wa laini, sio kwa kulazimishwa. Kwangu mi 18 iende kwa gadi, bila hata kufikiria mara mbili.

---

Kipanga_77 · 15 Aprili 2025

Nawaheshimu wote ila hapa siko nanyi.

Mnaongea kuhusu namba za Smith-Njigba kana kwamba alizipata peke yake. Alizipata wakati Metcalf yuko upande wa pili anavuta konabeki bora (beki anayemkaba risiva) pamoja na sefti mmoja juu yake. Mnakumbuka mbio zile za Oktoba 2020? Budda Baker wa Cardinals kadaka pasi yetu kwenye mstari wa goli anakimbia peke yake, yadi tisini, hakuna mtu, mi nilishaanza kuangalia simu, halafu nyuma kunatokea huyu Metcalf wa kilo mia na zaidi anakula uwanja, anamfikia kwenye yadi ya 8. Na Cardinals baada ya hapo hawakupata hata pointi moja kwenye hiyo nafasi. Mechi tulipoteza, 37-34 muda wa nyongeza, ila mwendo ule difensi zote za ligi ziliuona, na kila wiki mtu mmoja anabaki nyuma kwa sababu yake. Nani anamweka sefti nyuma sasa hivi? Kupp sio mtu wa mbio, hakuwahi kuwa. Valdes-Scantling ana mbio ila mikono yake kila mtu anaijua.

Na hilo la kwamba drafti itajipanga yenyewe polepole, 2021 tulikuwa na piki TATU tu drafti nzima, ya kwanza ilikuwa namba 56, tukamchukua D'Wayne Eskridge ambaye tayari alikuwa mtu mzima kiumri, na hakuwa kitu. Piki saba baadaye Kansas City wakamchukua Creed Humphrey, senta, mtu wa katikati ya laini. Dada wa mstari najua hapo unalia. Kwa hiyo drafti sio dawa ya uhakika pia, ndo maana mi nasema ukitaka risiva mchukue juu, 18, mwenye mbio, usisubiri mabaki.

---

dada_wa_mstari · 15 Aprili 2025

Kipanga umenigusa pabaya. Humphrey mi nilimtaka tangu wiki moja kabla ya drafti ile, na mpaka leo nikimwona kavaa nyekundu nageuza uso. Ila ona kaka, mfano wako unanisaidia mimi, maana siku ile tulichagua risiva tukaacha mtu wa laini!

---

MzeeWaYadi · 15 Aprili 2025

Kipanga kuhusu mbio una hoja, sikatai, kuna kitu kimepungua pale. Ila "mabaki" sikubali.

Lockett alichukuliwa namba 69 mwaka 2015. Kupp huyu unayemsema, 2017, namba ngapi? 69 ileile. Metcalf mwenyewe 64, piki ya mwisho ya raundi ya pili 2019, timu zote zilimwona kwenye vipimo vya kabla ya drafti akikimbia yadi 40 kwa 4.33, zikaogopa kwa sababu alikuwa mzito wa kugeuka. Doug Baldwin hakuchukuliwa kabisa, kaja 2011 mlango wa nyuma, na 2015 akadaka tachdauni 14. Na Baldwin alipoachiwa Mei 2019 mwili umekataa, Metcalf alishachukuliwa wiki chache tu kabla. Marisiva wakubwa tuliowalea wenyewe miaka hii ya Schneider karibu wote wametoka chini ya raundi ya kwanza, Smith-Njigba ndo wa pekee yake.

Tulipoumia ni pale tulipotaka njia ya mkato. 2011 tulimnunua Sidney Rice sokoni, miaka mitano dola milioni 41, akaachiwa Februari 2014 mwili umechoka. 2013 tukawapa Vikings raundi ya kwanza, ya saba, na ya tatu ya mwaka uliofuata kwa ajili ya Percy Harvin, halafu juu yake mkataba wa milioni 67. Msimu wa kawaida 2013 kacheza mechi moja. Ndiyo, kwenye Super Bowl na Broncos kipindi cha pili kinaanza tu akaurudisha mpira yadi 87 mpaka mwisho, siku ile nilipiga kelele mpaka sauti ikakata. Ila Oktoba 2014 tayari alikuwa Jets, na sisi tumepewa kapiki ka chini.

Kwa hiyo Kupp kwa milioni 15 kwa mwaka, bila kutoa piki hata moja, mi namwona ni mtu wa kutuvusha. Anakaa sloti (kati ya laini na risiva wa nje), anasogeza cheni, yaani anapata yadi za kutubakizia mpira, kwenye dauni ya tatu (jaribio la tatu kati ya manne), anamfundisha kijana atakayekuja namna ya kukaa kwenye nafasi kati ya malainbeka wawili ukasimama pale pasi ikukute. Hicho kitu hakifundishwi kwenye video. Kosa litakuwa kumtegemea mechi 17, hapo ndo utaniona nalalamika.

---

BluuKijani12 · 15 Aprili 2025

Mzee hiyo ya 69 na 69 sikuijua aisee, imenikalisha. Bado mbio zinanipa wasiwasi lakini. Tusubiri drafti nitarudi hapa.

---

BluuKijani12 · 27 Aprili 2025

Nimerudi. Sijalala vizuri siku tatu.

Piki ya 18, Grey Zabel, North Dakota State, mtu wa laini. Dada wa mstari nilikufikiria wewe wa kwanza. Nilikasirika kama dakika ishirini hivi halafu nikakumbuka zile mara 50 alizoangushwa Geno nikanyamaza.

Ijumaa sasa. Nakaa nasubiri 52, ile ya Metcalf, nasema hii ndo itakuwa risiva, lazima, yaani risiva alipwe kwa risiva. Kumbe wameichukua 52 pamoja na 82 wakawapa Titans wakapanda mpaka 35, wakamchukua Nick Emmanwori. Sefti! Metcalf kageuka sefti. Halafu 50 ikaenda kwa Elijah Arroyo, taiti endi (anayezuia na kudaka pia), na 92 kwa Milroe, kwotabeki. Siku mbili zimeisha hakuna risiva hata mmoja.

Jumamosi raundi ya tano, namba 166, ndo Tory Horton wa Colorado State. Nimekaa nimeangalia video zake zote leo. Misimu ya 2022 na 2023 yote kavuka yadi 1,000, 2024 goti likaharibika Oktoba, ndo maana kashuka mpaka pale. Ila kwenye vipimo kakimbia 4.41. Mrefu, mwembamba, na kuna kitu kimoja anafanya, konabeki akimkaribia anapunguza mwendo kidogo kama amechoka, yule naye anapunguza, halafu jamaa anaondoka. Raundi ya saba wakaongeza Ricky White wa UNLV.

---

Kipanga_77 · 27 Aprili 2025

Raundi ya tano mwenye goti. Mi msimamo wangu uko palepale, hiyo ndo nafasi ya Metcalf mmeijaza na bahati nasibu. Ila 4.41 na huo ujanja wa kupunguza mwendo nimeuona pia, na nakiri nimerudia ile video mara nne. Goti likikaa sawa mpaka kambi ya Julai mi namtaka aanze nje upande wa kushoto, Kupp abaki sloti, Smith-Njigba wamzungushe kila mahali.

---

MzeeWaYadi · 27 Aprili 2025

Horton wamtume pia arudishe panti (mipira ambayo wapinzani wanaipiga mbali kwa mguu), kule chuoni alizirudisha sana mpaka mwisho. Lockett naye mwaka wake wa kwanza alianzia hapohapo kwenye kurudisha, ndo akapata muda wa kujifunza ruti bila presha.