Tupeane uzoefu: bei za chee Mtwara na Lindi, na kuchangishia kikundi kidogo bila kuchosha watu

Binti Chikongola

Wakuu, habari za kushinda. Tuna kikundi chetu cha kina mama hapa Mtwara mjini. Kimesajiliwa halmashauri kupitia maendeleo ya jamii, ila hakina mfadhili wala gari lenye nembo. Kazi yetu ni moja tu: watoto wa shule ya msingi wanaolelewa na bibi zao, tunawatafutia sare, viatu na madaftari kabla shule hazijafunguliwa Januari. Hela zenyewe za kuungaunga, kwa hiyo kila shilingi tunayookoa sokoni inamvisha mtoto mwingine.

Kwa tulivyoona sisi, bei za huku zinafuata korosho. Minada ikishaanza Oktoba na malipo yakaanza kuingia kwenye akaunti za wakulima, wafanyabiashara wanashuka kutoka Dar, vitenge vinapanda, fundi hashikiki, na bodaboda anakutazama kwanza usoni ndiyo anataja nauli. Kwa hiyo tuligeuza ratiba. Kununua tunanunua Julai mpaka Septemba mji ukiwa mkavu, na kuchangisha tunachangisha Novemba na Desemba watu wakiwa na kitu mfukoni. Michango ya mwaka huu ndiyo sare za mwakani. Hapo mnahitaji mweka hazina mwenye roho ngumu, maana hela itakaa miezi na kila mtu ataiona.

Kitambaa tuliacha kununua kwa mita. Tunachukua jora zima la bluu na jora la tetroni nyeupe, tunampelekea fundi Agosti, cherehani yake ikiwa imelala. Bei anayokubali Agosti, Desemba ukimtajia atakucheka. Sketi tunamwambia aache pindo pana, vidole vinne hivi, ili mtoto akirefuka bibi afumue ashushe mwenyewe. Mashati hivyo hivyo, mikono iwe na akiba.

Haya, na ninyi semeni. Bei za kutupa mnazipata wapi, na mnachangishaje watu wasianze kubadilisha njia wakiwaona? Namba za simu msiweke hapa tafadhali.

Mzee wa Belo

Dada umenena. Mimi nauza mtumba, nikupe siri ya upande wetu. Belo likifunguliwa asubuhi, wa kwanza kuchagua wanalipa bei ya juu kwa sababu wanachukua cha juu. Jioni bei imeshuka. Siku zinazofuata ndiyo unasikia "jero jero, buku buku", mzigo unamwagwa chini kwenye turubai. Watu wanadhani pale yamebaki matambara. Si kweli. Nguo za watoto ndizo zinazobaki nzuri, kwa sababu wachaguaji wengi wanajitafutia nguo zao na za kuuza. Kaptula ya mtoto wa miaka saba ikiwa imara inaweza kushuka mpaka jero (sh. 500).

Ila usije na kundi. Wakija kina mama sita wana daftari na kalamu, muuzaji anajua ni mradi, bei inakaza. Atangulie mmoja, akubaliane bei ya fungu zima, ndipo aseme ni ya watoto. Hapo wengi wetu tunaongeza nyongeza bila kuombwa.

Mama Newala

Mzee wa Belo, naongezea na la masweta. Nyie wa pwani hamjui baridi. Huku juu Newala Juni na Julai upepo unapiga mpaka wazee wanashindwa kutoka nje asubuhi. Sweta Newala mwezi huo ni mali. Sasa Desemba mimi nikishuka Mtwara mjini, joto limewashika kila mtu, sweta na majaketi wanauza kama wanakufukuza. Nanunua mzigo, nafua, natunza. Juni wazee wetu wanavaa. Kanisa na msikiti wote wananipa orodha, na orodha zikifika mezani naziunganisha, maana wapo wanaoandikwa kotekote, hasa wenye watoto wajanja.

Nahodha Kilwa

Ninyi mko kwenye nguo tu. Chakula je? Sisi tunasaidia uji wa watoto wa chekechea, na dagaa ndiyo lishe yetu. Dagaa wanavuliwa kwa taa, kwa hiyo kalenda yake ni mwezi wa angani. Giza likiwa nene taa inavuta, majahazi yanarudi yamejaa, bei inalala. Mbalamwezi ikitoka, dagaa wanatawanyika na bei inaamka. Anayenunua mbalamwezi hajui pwani, au kapelekewa na dalali.

Nunua giza, ila siku ya jua kali. Wakianikwa kwenye mawingu wanakuwa laini, wanageuka rangi ya njano na kutoa harufu. Chukua mmoja umvunje: akikatika kwa mlio ni mkavu, akipinda muache. Halafu kung'uta kiganja uone mchanga uliobaki, maana mchanga nao unapimwa kwenye kisado kwa bei ya dagaa.

Mchovu

Samahani nitakuwa mbaya. Harusi mchango, kipaimara mchango, send-off mchango, msiba mchango. Sasa na sare. Mtu akinitumia kadi ya mchango siku hizi nazima data. Hayo mnayoyafanya ni mazuri lakini mtu wa kawaida ataishi lini?

Binti Chikongola

Mchovu hujawa mbaya, umesema yanayosemwa pembeni. Ndiyo maana sisi neno "mchango" tulilitoa kabisa. Tunaomba kitu. Tunamwambia mtu, "Nunua soksi pea mbili", "Lipia kushona sketi moja". Mwenye jero anatoa jero ya vifungo na jina lake linaandikwa kwenye orodha ya vifungo. Halafu hatuombi ahadi. Ahadi ndizo zinazochosha, kwa sababu lazima umkumbushe mtu, na ukimkumbusha mara tatu umeshakuwa mdai.

Kingine, anayetuma kwa simu tunamwomba aongeze na ya kutolea. Wengine wanacheka, lakini michango midogo midogo makato yake yanaumiza. Siku hizi tunatumia lipa namba ya duka la mwenzetu mmoja, na taarifa ya miamala tunaifungua mbele ya wote kwenye kikao. Risiti za jora tunapiga picha tunarusha kwenye kikundi cha WhatsApp. Picha za watoto haturushi. Mtoto wa darasa la pili hajakubali mtaa mzima ujue shati lake limetoka wapi.

Mkulima Masasi

Habari za kilimo wakuu. Niongee kutoka upande wa wanaoombwa. Mkulima wa korosho ana donda na neno "makato". Akisikia mnataka kupitia chama cha msingi cha ushirika mkate shilingi fulani kwa kila kilo, hata liwe jambo jema kiasi gani, mkutano unavunjika. Kijiji chetu walijaribu jambo la madawati, likafa palepale. Mkitaka kwa mkulima, mfuateni nyumbani akishalipwa, akupe kwa mkono wake.

Na mjue mwaka haufanani na mwaka. Msimu wa 2018/19, bei ilitangazwa sh. 3,300 kwa kilo na watu wakachangamka, halafu malipo yakachelewa kwa wengi. Ahadi zote za misikiti, shule na harusi zililala. Kikundi kinachopanga bajeti kwa pesa ambayo bado iko ghalani kinajitafutia aibu.

La mwisho, kuna bei za chee ambazo msizifurahie. Kipindi cha njaa, kabla ya mavuno, mtu ana mgonjwa, atakuja kwenu akuuzieni korosho zikiwa bado juu ya mti kwa bei ya kulia. Hiyo ni kangomba, na hata ikifanywa na kikundi cha yatima inabaki kangomba. Sheria hairuhusu, na anayeumia ni huyo huyo bibi mnayemshonea mjukuu wake.

Mchovu

Hilo la kuomba vifungo nimelielewa. Niandikieni vifungo vya mashati kumi.

Wa Mnazi Mmoja

Hahaaa Mchovu kashaingia. Sisi Lindi tulichoka kuomba, tukaamua kuuza. Kina mama wanaobangua korosho nyumbani wanabaki na zile zilizovunjika, vipande na nusu nusu. Mnunuzi mkubwa hazitaki, lakini utamu ni uleule. Tunazinunua kwa bei nafuu, tunakaanga kwa chumvi, tunafunga kwenye vifuko vidogo, vijana wetu wanauza kwa abiria pale njia panda ya Mnazi Mmoja, mabasi ya Masasi, Mtwara na Lindi yanapokutana. Abiria wa Dar hataki hadithi ya kikundi, basi linaondoka! Anataka korosho na chenji yake haraka. Faida inalipia bima ya afya ya wazee wasio na mtu. Tulipoanza, bima ya CHF (Mfuko wa Afya ya Jamii) ilikuwa sh. 30,000 kwa kaya ya watu 6 kwa mwaka, kwa hiyo hesabu ilikuwa rahisi kumweleza kijana: vifuko kadhaa vya leo ni kaya moja kutibiwa mwaka mzima.

Kuna siku ming'oko, ile mizizi ya porini inayoliwa kama viazi, nayo tunachemsha. Hiyo haiendi kwa abiria, inaisha kwa madereva.

Mwana Kusini Dar

Niko Temeke, kwetu Mtama, Lindi. Huku tunakusanya viatu vya shule vilivyotumika, vingi bado vizima, maana watoto wa mjini miguu inakua haraka kuliko soli inavyokwisha. Kilichokuwa kinatumaliza ni usafiri. Mzigo kwa basi ulikuwa unakaribia bei ya viatu vyenyewe. Sasa tunaongea na madereva wa malori yanayoleta saruji Dar na kurudi Mtwara matupu. Dereva anapewa ya chai, magunia yanafika.

Angalizo: msisubiri dakika za mwisho. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara kule Somanga, Kilwa, mzigo wetu ulikaa njiani mpaka viatu vikaota ukungu. Tangu hapo tunatuma Septemba au Oktoba mwanzoni.

Binti Chikongola

Mwana Kusini, viatu ndivyo vinavyotusumbua kuliko vyote, hasa namba za darasa la kwanza na la pili, hazipatikani mtumba. Tumeni hizo kwanza. Mama Newala, Desemba ukishuka nijulishe mapema tugawane belo moja la masweta, sisi tuchukue ya watoto wewe ya wazee. Mzee wa Belo atatutajia bei, na nitakuja peke yangu, bila daftari.

Mzee wa Belo

Umeshajitaja, bei imekaza. Natania. Karibu, ila uje jioni.