Mrejesho: mama aliyetibiwa bawasiri kumbe ni saratani

Ndugu zangu, niliuliza hapa kuhusu mama yangu wa Moshi: damu kwenye choo, kinundu njia ya haja kubwa, na miezi minne ya dawa za bawasiri zisizosaidia. Asanteni mno. Mlionisisitiza apimwe kwa kidole na kukatwa kinyama cha kupima maabara, Mungu awabariki.

Hospitali ya KCMC walichukua kinyama. Majibu yakaja saratani ya njia ya haja kubwa. Nililia nikidhani atawekewa mfuko wa kinyesi tumboni. Kumbe tiba ya kwanza ni mionzi pamoja na kemo (dawa za kuua saratani), wiki kama 6. Tulifanyia hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar. Walimpima pia VVU, na mlango wa kizazi, kwani kirusi cha HPV husababisha saratani ya hapo na ya njia ya haja kubwa.

Wiki ya nne ngozi ilichubuka vibaya, akawa anakalia tako moja tu. Beseni la maji ya uvuguvugu lilimsaidia. Mshubiri mlioushauri daktari aliukataa.

Damu imekoma. Kinundu kimepungua ila hakijaisha. Daktari anasema huweza kuendelea kusinyaa hadi miezi 6 baada ya mionzi, hivyo upasuaji usubiri. Tunarudi kliniki mwezi ujao.