Naomba ushauri: nimpime vipi beki wa magongo?

Makocha na wapenzi wa magongo, hamjambo?

Nanoa timu ya wasichana wa shule hapa Kisumu. Beki aliyekuwa majeruhi anarudi, kwa hiyo mmoja kati ya mabeki wangu wawili lazima akae benchi. Msaidizi wangu hurekodi mechi kwa simu, kisha tunahesabu mipira waliyonyang'anya. Wa kulia anaongoza kwa mbali. Lakini nikisimama kando ya uwanja naona wa kushoto hanyang'anyi sana kwa sababu hawampiti: gongo liko chini mapema, anamsukumia mshambuliaji pembeni mpaka mpira unatoka wenyewe. Yule mwingine hujirusha (mashabiki wanampenda kweli!), na akikosa, wapinzani wanapewa kona fupi (pigo la adhabu kutoka mstari wa goli).

Nimejaribu Corsi, takwimu ya kule NHL (ligi ya magongo ya barafuni ya Amerika Kaskazini), yaani kuhesabu mikwaju yote ya pande zote mbili, hata iliyozuiwa au kupita nje, mchezaji akiwa ndani. Kwao wachezaji hupokezana kila baada ya muda mfupi. Wangu hucheza robo zote nne pamoja, hivyo hesabu zao zinalingana.

Je, nihesabu nini ili kazi ya huyu wa kushoto ionekane? Na kwa mechi chache za shule, takwimu niziamini kiasi gani?