Leza kwa mkojo unaovuja wakati wa kukohoa: je, niitumie?

Mama wa Watatu, Tanga

Assalaam aleikum ndugu zangu, na shikamooni mlio wakubwa. Nina umri wa miaka 46 na nimejifungua mara tatu kwa njia ya kawaida. Tangu mwaka juzi, kila ninapokohoa, ninapopiga chafya au ninapojitwisha ndoo ya maji, mkojo hunitoka kidogo bila hiari yangu. Nikilala hautoki. Linaloniumiza zaidi ni swala, kwa sababu nikiinuka kutoka kwenye sijda huhisi unyevu, hulazimika kutia udhu upya, na sasa nimeacha kwenda msikitini na wenzangu. Kliniki moja ya binafsi imeniambia kwamba leza, yaani mwanga maalumu wenye nguvu, itamaliza tatizo hili kwa mikupuo mitatu bila kupasuliwa, ila malipo yote yatangulie, nayo ni karibu akiba yangu yote. Naomba anayejua anieleze ukweli.

Daktari wa Wanawake

Waaleikum salaam, dada, na pole sana. Unayoyaeleza yanawapata wanawake wengi waliozaa, ingawa wengi huyaficha hata kwa waume zao. Misuli ya sakafu ya nyonga imetanda chini ya kibofu mithili ya kamba za kitanda. Zikilegea kwa uzazi, kwa uzito au kwa kukoma hedhi, mrija wa mkojo hukosa egemeo, na kikohozi kinapoligandamiza tumbo, mkojo huponyoka.

Leza, iwe ya aina ya Erbium:YAG au ya aina ya kaboni dayoksaidi, huupasha joto ukuta wa uke kwa matarajio kwamba mwili utatengeneza kolajeni mpya, yaani protini inayoipa ngozi na nyama uimara, na sehemu hiyo itakaza. Matarajio hayo hayajathibitishwa vya kutosha. Mwezi Julai 2018, FDA, mamlaka ya Marekani inayosimamia chakula na dawa, ilionya hadharani dhidi ya vifaa vya aina hii vinavyotangazwa kwa matatizo ya uke na ya mkojo, ikataja taarifa za kuungua, makovu, maumivu wakati wa tendo la ndoa na maumivu ya kudumu. Mwaka 2021 NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, ilielekeza kwamba leza ya ukeni kwa tatizo hili itumike ndani ya utafiti tu. Kwa hiyo anayekuahidi kwamba itamaliza tatizo anasema zaidi ya anachokijua, na mimi nakusihi usiitoe akiba yako.

Nenda kwanza ukapimwe mkojo, kwani maambukizi nayo huleta usumbufu. Mwanamke anayevuja muda wote, mchana na usiku, hasa baada ya uchungu wa uzazi wa muda mrefu, huyo achunguzwe fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, ambayo ni jambo jingine kabisa.

Bibi Salama

Mwanangu, mimi niliifanya hiyo leza. Mara ya kwanza nilihisi moto, kisha ukavu uliodumu siku kadhaa. Miezi michache nilijiona nafuu, nikaacha pedi, halafu siku moja nikacheka harusini na kanga ikalowa kama zamani. Niliporudi niliambiwa nilipie mkupuo mwingine, wala hakuna aliyewahi kunifundisha mazoezi.

Mtaalamu wa Tiba ya Viungo

Mazoezi ndiyo tiba ya kuanza nayo, lakini wengi huyafanya visivyo. Vuta misuli kwa ndani na juu kama mtu anayezuia upepo na mkojo kwa pamoja, huku ukiendelea kupumua, mapaja na makalio yakiwa yametulia. Shikilia kwa sekunde chache, achia kabisa, kisha rudia. Miongozo ya Uingereza inataka angalau mibano minane, mara tatu kwa siku, kwa miezi isiyopungua mitatu, chini ya usimamizi wa mtu aliyefunzwa, kwa sababu wapo wanaosukuma chini wakidhani wanabana, na hao hujizidishia tatizo. Usiyafanye huku ukikojoa. Chafya ikija, bana kabla haijatoka. Fanya vivyo hivyo kabla ya kuinua ndoo. Ukiwa na uzito mkubwa, kuupunguza nako hupunguza kuvuja. Miezi hiyo ikipita bila nafuu, upasuaji upo, na huo umefanyiwa utafiti wa miaka mingi.

Mama wa Watatu, Tanga

Mungu awalipe nyote. Kliniki nimeiambia kwamba siendi. Jana usiku nilijaribu kubana nikiwa nimelala chali, lakini nikajikuta nimezuia pumzi, na nilipojaribu nimesimama sikuhisi kitu chochote. Je, niendelee nikiwa nimelala kwanza?

Mtaalamu wa Tiba ya Viungo

Ndiyo, dada. Anza ukiwa umelala na magoti yamekunjwa, hesabu kwa sauti ili pumzi isizuiliwe, na utakapoweza kubana bila kukosea, uhamie kwenye kukaa, kisha kusimama. Mwishowe jizoeze kubana kabla ya kuinuka kutoka kwenye sijda.