Waswasi wa udhu na mawazo ya kutisha: nyumbani tuanzie wapi?

Dada_Mikindani
Habari za jioni wakubwa. Naomba msaada kwa ajili ya mdogo wangu, tuko naye hapa Mikindani, ana mtoto wa miezi saba. Udhu unamchukua dakika 40 na ndoo nzima ya maji, anarudia kwa kuhisi kiwiko hakikupata maji au niya haikukaa sawa. La pili ndilo zito: akishika kisu cha jikoni linamjia wazo la kumchoma mtoto, anakitupa na kulia. Visu amevificha juu ya kabati, mboga anakata shangazi. Kutwa ananiuliza, "Dada, naweza kumdhuru kweli?" Tunamwambia aache kuwaza, haisaidii. Je, ni hatari? Na hapa nyumbani tufanye nini?

Muuguzi_Lindi
Pole sana dada, na umfikishie pole mdogo wako. Nianze na hatari. Wazo linalomjia mtu bila kulitaka, likamtisha mpaka akakimbia kisu, ni kinyume cha nia ya kudhuru. Mwaka 1978 watafiti Rachman na de Silva waliwauliza watu wa kawaida, wasio wagonjwa, na takriban wanane katika kila kumi walikiri kupitiwa na mawazo ya namna hii: kumsukuma mtu, kuumiza, kutukana. Wengine huliacha lipite. Mwenye waswasi hulifungulia kesi. Hospitali wanauita OCD, yaani ugonjwa wa mawazo yanayojilazimisha na vitendo vya kurudiarudia, na kipindi cha baada ya kujifungua ni mojawapo ya nyakati unapoibuka.

Ila chunguzeni kwanza. Akisikia sauti inayomwamuru, akianza kuona wazo lile ni la haki au ni amri ya kutekeleza, akikesha siku kadhaa wala hahisi kuchoka, au akitamani kufa, hapo si kazi ya nyumbani tena. Asiachwe peke yake, wala na mtoto, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Kama hayo hayapo, angalia mzunguko wake. Wazo linakuja, hofu inapanda, anajituliza (anatupa kisu, anarudia udhu, anakuuliza), hofu inashuka. Ile nafuu ndiyo mbolea. Akili inajifunza kwamba mtoto yuko salama kwa sababu kisu kilifichwa, kwa hiyo kesho hofu inawahi zaidi. Na "acha kuwaza" haifanyi kazi kwa sababu anayekataza wazo lisije inabidi kila dakika achungulie kama limekuja.

Tiba ni kukabili kinachotisha bila kufanya kile cha kujituliza. Victor Meyer aliitumia London na kuiandika mwaka 1966, na mpaka leo ndiyo tiba ya mazungumzo inayotegemewa zaidi kwa ugonjwa huu. Mwandike ngazi, kila kipandio akipe alama ya hofu, 0 mpaka 10. Kwa mfano: kisu kikae mezani, mtoto chumba kingine (4). Akate bamia, mtoto amelala chumba hichohicho (6). Akate matembele mtoto akiwa macho mkekani, hatua chache kutoka alipo, wewe uko uani (8). Halafu akiwa peke yake na mtoto (9). Ni kazi ya kawaida ya jikoni tu, hakuna kumsogezea mtoto kisu.

Aanze na cha 4, kila siku, dakika 30 hadi 45. Asiache hofu ikiwa kileleni, maana hapo atakuwa amejifunza kukimbia. Alama ya hofu ya kipandio ikishuka mpaka 2 siku mbili tatu mfululizo, apande kingine. Wengi hukwama kwa sababu ya magongo madogomadogo: kushika kisu kwa vidole viwili, kugeuzia makali ukutani, kumtaka shangazi akae karibu "kwa usalama". Mwezi unapita bila kitu kubadilika, wanasema tiba imeshindwa. Ondoeni magongo kwanza.

Ustadhi_Mingoyo
Assalaam alaykum. Kwenye udhu, kanuni ya fiqhi (sheria ya Kiislamu) ni kwamba yakini haiondolewi na shaka, na mwenye shaka nyingi haambiwi arudie, anaambiwa asiijali. Mtume (s.a.w.) alitawadha kwa mudi moja, kama robo tatu ya lita. Basi mpe kopo la lita moja, bomba lifungwe, ndoo iondoke bafuni. Kila kiungo mara tatu kwa wingi, mara moja inatosha. Kopo likiisha, udhu umeisha, atoke bila kutazama kiwiko. Niya mahali pake ni moyoni: kule kuinuka kwenda kutawadha tayari ni niya, hakuna cha kutamka mpaka "ikae".

Akiwa kwenye dakika 40, msimshushe ghafla hadi tano. Wiki ya kwanza 25, ya pili 15, ya tatu 8. Kopo lenyewe lisiongezwe hata siku moja.

Na mawazo yanayomwonea aibu: Masahaba walimweleza Mtume kwamba nafsini mwao hupita mambo wasiyothubutu kuyatamka, naye akawaambia hiyo ndiyo imani ya wazi. Mwambieni hilo mara moja, vizuri, kisha msilirudie kila akiuliza.

Dada_Mikindani
Ahsanteni mno. Sasa akiniuliza "naweza kumdhuru kweli?" nikae kimya? Na nimegundua akikata bamia anasoma dua moyoni, anahesabu hadi saba.

Mnasihi_Masasi
Kukaa kimya ghafla kutamuumiza. Kaeni naye wakati ametulia mkubaliane maneno, mfano: "Mdogo wangu, hilo ni swali la waswasi, na tulikubaliana silijibu. Najua ni gumu, niko nawe." Sauti ya upole, maneno yaleyale, shangazi naye ayajue. Mkijibizana tofauti atakwenda kwa anayejibu. Tegemeeni maswali yaongezeke siku za mwanzo kabla hayajapungua, na hapo ndipo familia nyingi huregeza.

Hiyo dua ya kuhesabu ni tambiko la moyoni, kazi yake ni ileile ya kuficha kisu. Swala na dua zake za kawaida zibaki. Kinachoachwa ni ile inayosomwa ili wazo lifutike. Likija, aseme, "Nimepata wazo kwamba nitamchoma. Labda, labda siyo," kisha arudi kwenye bamia. Hiyo "labda" itamuuma, lakini ndiyo dawa. Akishindwa kuacha kabisa, aahirishe: dakika 5 kabla ya kuhesabu, kesho 10, keshokutwa 15.

Muuguzi_Lindi
Naongeza la dawa. Wiki sita za mazoezi zikipita bila nafuu, au akishindwa kula na kulala, nendeni hospitali ya mkoa ya Ligula, Mtwara, mkaulizie huduma ya afya ya akili, na mseme wazi kwamba ananyonyesha. Dawa ya fluoxetini huanza na miligramu 20 kwa siku, na kwa OCD mara nyingi hupandishwa. Matokeo husubiriwa wiki 8 hadi 12, kwa hiyo asiache wiki ya tatu, wala asiikatishe ghafla. Diazepamu (dawa ya kutuliza na usingizi) ya kununua dukani msimpe.

Ustadhi_Mingoyo
Nilisahau josho la hedhi, huko nako waswasi hurudi kwa nguvu. Ndoo moja ya lita 10, isijazwe tena. Mtume alioga kwa pishi moja, mudi nne, ambazo ni kama lita tatu.