Tupeane uzoefu: kusoma hoja za mstari wa amri katika Fortran

Wadau, programu ya mvua inayotaka kukompailiwa (kutafsiriwa kwa lugha ya mashine) upya kila ukitoka kituo cha Entebbe kwenda Gulu inatupotezea muda bure. Tangu toleo la Fortran 2003, lugha hii ya programu yenyewe inasoma hoja, yaani maneno unayoandika baada ya jina la programu unapoiendesha. Iargc na getarg za zamani zilikuwa nyongeza za kompaila tu. Wekeni hapa mnavyofanya, na panapoharibika.

Jinja: Hesabu kwanza. command_argument_count() haihesabu jina la programu, hilo linakaa namba 0. Kwa hiyo ./mvua Gulu 2019 ina hoja 2. Zikipungua, chapisha namna ya kuitumia, kisha stop 1, ili skripti iliyoiita ijue kazi haikufanyika.

Mbarara: Urefu ndio unaoumiza. Ukitenga herufi 20, njia ya faili /data/mvua/mbarara/2019.txt, yenye herufi 27, inabaki /data/mvua/mbarara/2 na programu haisemi neno. Kuchukua hoja ya 1, andika call get_command_argument(1, neno, urefu, hali): hali ikiwa -1, imekatwa. Dawa nzuri zaidi ni kuita mara mbili: ya kwanza uombe urefu peke yake, utenge nafasi ya kutosha, ya pili uchukue maandishi.

Fort Portal: Sisi jina la mji wetu lina nafasi katikati. Bila alama za mtajo, sheli (programu inayopokea amri unazoandika) inalifanya hoja 2, na "Portal" inaangukia kwenye mwaka. Tena jina fupi hujazwa nafasi tupu hadi mwisho, kwa hiyo tumia trim, inayokata nafasi za mwisho, kabla ya kuunga '.txt', la sivyo unatafuta faili lenye pengo katikati.

Jinja: Ndugu wa Fort Portal, hapo kwenye mwaka pana jambo baya zaidi. Amri read(neno, *, iostat=hali) mwaka, inayogeuza maandishi kuwa namba, huuchukulia mkwaju (/) kuwa mwisho wa kusoma. 12/03 inatoa 12, hali 0, yaani hakuna kosa. Hoja ikianza na mkwaju, mwaka unabaki na thamani iliyokuwamo, hali bado 0! Na 0,5 kwenye namba ya desimali inasomwa 0, kwa sababu koma hutenganisha. Msitegemee iostat peke yake. Kwa mwaka, verify(trim(neno), '0123456789') lazima itoe 0, yaani herufi zote ni tarakimu, kabla ya read. Hoja tupu nayo hutoa 0, lakini hiyo read itaikamata: hali itakuwa chini ya 0.

Mbarara: Na desimali?

Jinja: Ongeza nukta na alama ya kutoa kwenye orodha ile. Koma na mkwaju vibaki nje.